Tulivyokunywa Uji Kwenye Jumba la Sanamu

Nianze na gazeti, kwa sababu hasira yangu ilianzia hapo.

Ulikuwa mwaka wa pili wa uhuru. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba za serikali pale Kakamega, mimi, mume wangu, na mapacha wetu, wasichana wawili waliokuwa wanakaribia kutimiza miaka miwili. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi za mkoa. Siku hiyo nilitoka dukani na sukari iliyofungwa kwenye ukurasa wa gazeti kuukuu. Nikaimimina koponi, nikawa nataka kulikunja lile gazeti nikawashie moto, ndipo nikaona picha. Chungu. Chungu chenye midomo miwili, kimewekwa juu ya kinguzo cheupe kama mtakatifu, na nyuma yake dirisha, na nje ya dirisha bahari. Chini waliandika kwamba huko Mombasa, ufukweni, limefunguliwa jumba la sanamu za kisasa, na watu wote wanakaribishwa.

Nilikijua chungu kile kama ninavyovijua vidole vyangu.

Mama mkwe wangu ni mfinyanzi, kwake ni upande wa Bukura, na anatumia mkono wa kushoto. Akimaliza kufinyanga, huviringisha kamba ya nyasi aliyoisuka mwenyewe juu ya udongo mbichi, ibaki michoro. Michoro ya wanawake wengine huinamia kulia. Yake huinamia kushoto. Soko zima linajua hivyo. Tena mdomo mmoja wa chungu kile ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Aliufanya mfupi makusudi, kwa ajili ya yule binti yangu aliyetoka wa pili, ambaye alizaliwa mdogo kama panya.

Na mume wangu alikuwa ameniambia chungu hicho kilivunjika. Kilianguka kwenye baiskeli, alisema, akakizika vipande vyake kando ya njia. Alinionyesha na goti, lina mkwaruzo.

Sharti nieleze kwa nini chungu kilikuwa jambo kubwa, maana najua kuna watu watasema, ah, chungu tu. Kwetu, ukizaa mapacha, bibi mzaa baba anafinyanga chungu cha midomo miwili. Kinajazwa pombe. Baba anakaa upande huu, mama upande ule, kila mmoja na mrija wake mrefu kwenye mdomo wake, wanakunywa pamoja kwa wakati mmoja, huku watu wamewazunguka wanawaimbia matusi ya kuchekesha. Baada ya hapo mlango umefunguliwa, mnakwenda mnakotaka. Kabla ya hapo mama wa mapacha haingii nyumbani kwa mama yake, wala bibi huyo hawashiki watoto. Hata uani haingii. Hata kuchuma mboga.

Mtaniuliza, si mama mkwe afinyange kingine? Nilimwuliza mimi mwenyewe. Aliniangalia kama mtu aliyepungukiwa.

"Uzazi mmoja, chungu kimoja," alisema. "Nikifinyanga cha pili naita wengine. Unawataka wengine wawili?"

Sikuwataka. Wale niliokuwa nao walikuwa wanalia kwa zamu kama askari wa lindo.

Mimi nimesoma mpaka sekondari. Najua viini vya maradhi, najua jua halizunguki dunia. Kama ingekuwa shauri langu peke yangu ningeingia kwa mama yangu siku ya arobaini na kuketi jikoni. Lakini mama yangu ndiye hakutaka. Kwao ni Kabras, karibu na Malava, mashamba ya miwa huku na huku. Kila nilipokwenda kumwona ilibidi tukutane barabarani, yeye upande wa kwake, mimi upande wa pili na watoto wangu. Nikisogeza mguu tu, ananyoosha kiganja.

"Simama hapo hapo! Unataka kuniua?"

Basi tunazungumza kwa kupiga kelele. Ameugua nani, ameolewa nani, maziwa yanatosha? Wapita njia wanasikia kila kitu. Halafu mama anachukua panga, anamenya muwa, anaukata vipande vifupi, na kuwarushia wajukuu wake ng'ambo ya barabara, kimoja kimoja. Watoto wangu walijifunza kudaka kabla ya kujifunza kusema. Hivyo ndivyo walivyomjua bibi yao: mtu wa mbali anayerusha vitu vitamu. Miaka miwili karibu iishe, na hajawahi kuwashika.

Basi nikakaa na lile gazeti mezani nikamngoja mume wangu arudi kutoka kazini. Nilimpikia obusuma, ugali wa kwetu, na ingokho, kuku mzima, ili asije akasema nilimgombeza na njaa. Akala. Aliponawa mikono, nikaweka picha mbele yake.

"Hiki nini?" nikamwuliza.

Akatazama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena.

"Kinafanana," alisema.

"Kinafanana na nini?"

"Mama watoto, vyungu vinafananaga."

"Kimefufuka, au vipi? Wewe ulikizika. Mtu wa kanisa kama wewe ndiye unajua habari za kufufuka. Nieleze."

Akaeleza. Wiki ile chungu kilipoletwa, alikuwa ametoka tu kuokoka. Mhubiri alikuwa anakuja kula kwetu, na chungu kilikuwa kimekaa pembeni ya sebule na midomo yake miwili, kinangoja pombe. Aliona haya. Akakifunga kwenye gunia akakipeleka ofisini. Mzungu mmoja aliyekuwa anazunguka mkoa akinunua vinyago alikiona, akakisifu sana, na mume wangu akampa bure, tena akashukuru. Alipokuwa anarudi nyumbani alianguka kweli na baiskeli. Goti lilikuwa la kweli. Chungu ndicho kilikuwa uongo.

Sitaandika niliyomwambia. Majirani wa pande zote mbili wanayakumbuka, wakaulizwe wao. Ila nilimalizia hivi: "Una likizo. Tunaenda Mombasa."

Mama mkwe alipopata habari alikuja kwa miguu, asubuhi na mapema, hakumsalimu mwanawe. Alinipa mirija miwili iliyofungwa pamoja kwa gamba la mgomba, mirefu kunizidi mimi, na kifuko cha unga wa wimbi.

"Mtoto wangu hanywangi pombe siku hizi," aliniambia, kana kwamba mwanawe hakuwa amesimama pale pale. "Sawa. Mpikie uji. Si pombe inafungua mlango. Ni midomo miwili na watu wawili, pamoja. Mkishakunywa, hicho ni chungu tu, hao wa jumba wakae nacho."

"Na Wazungu wakikataa, Mama?"

"Wazungu gani? Si mliniambia wameenda?"

Safari ya treni kutoka Kisumu siisimulii, isipokuwa mirija. Haikuingia popote. Ilitoka dirishani, ikamchoma mtu sikio, ikalala juu ya magoti ya abiria sita kama wote ni ndugu. Watu waliniuliza kama tunaenda kuvua samaki. Mume wangu alijifanya hanijui mpaka Nakuru. Baadaye kidogo mapacha wakamwita "Baba!" wote wawili kwa pamoja, kwa sauti kubwa, siri ikaisha.

Jumba lenyewe lilikuwa zamani ghala la mtu, limepakwa chokaa, limesimama juu ya mawe na bahari inapiga chini yake. Nilikuwa nimejiandaa kulichukia. Nilikuwa nimevaa hasira yangu kama gauni la Jumapili. Lakini niliingia mlangoni nikasimama.

Kulikuwa na mbuzi aliyetengenezwa kwa vyuma vya baiskeli, pembe zake ni usukani, na alikuwa mbuzi kweli, ule ukaidi wa mbuzi shingoni. Kulikuwa na minyororo ya meli iliyounganishwa ikasimama wima kama nyoka aliyekasirika. Na katikati ya chumba alikuwapo mwanamke wa saruji, mkubwa kama mlango, hana sura, hana kitu kichwani wala mgongoni, ametua mizigo yote, na miguu yake ni mipana, imetanuka vidole, imekanyaga chini kisawasawa. Nilitazama miguu ile. Ilikuwa yangu. Sijawahi kuona mtu akaitengeneza miguu kama yangu akaiweka mahali watu wavuke bahari kuja kuiangalia. Nikajikuta nacheka peke yangu.

Watoto wangu nao tulikuwa tumewafundisha adabu, wakimkuta mtu mzima wampe mkono. Wakaanza kazi. Wakaenda kwa mwanamke wa saruji, wakamshika kidole, "Mulembe." Wakaenda kwa mbuzi, wakamshika usukani, "Mulembe." Mlinzi, mzee wa Kimombasa mwenye kofia ya kufuma na tumbo zuri, akaja mbio.

"Bibiye! Bibiye, wazuie wanao! Havishikwi vitu hapa!"

"Hawashiki," nikamwambia. "Wanasalimia."

Akasimama. Akawatazama wakimwamkia mnyororo wa meli.

"Mwatoka wapi nyinyi?"

"Kakamega."

"Huko kwenu mwasalimia hata vyuma?"

"Kama vyuma ni vikubwa kwa umri."

Akacheka mpaka kofia ikateleza. Kisha akaona mirija kwenye bega la mume wangu. "Na hizo fito, mwaja kutujengea?"

Chungu chetu kilikuwa chumba cha pili, penye dirisha. Nilikitambua kwa mbali. Michoro inainama kushoto, mdomo mmoja mfupi. Jua la baharini lilikuwa linakipiga ubavuni, na lazima niseme ukweli, sijui kama nyumbani kingependeza hivyo, pembeni ya sebule nyuma ya mlango. Nikakumbuka nilichokuja kufanya, nikamwomba mlinzi aniitie mkubwa wake.

Msimamizi wa jumba alikuwa kijana mmoja amerudi majuzi kutoka masomoni ng'ambo, shati jeupe, vidole vina rangi. Alikuwa mpole. Nilimweleza yote, tangu sukari. Alisikiliza vizuri, akatikisa kichwa vizuri.

"Dada, nakuelewa. Lakini hiki sasa ni kazi ya sanaa. Hatuwezi kutia uji ndani ya kazi ya sanaa."

"Hiki ni chungu. Kama hakitiwi kitu ndani, kimefinyangwa na shimo la nini?"

"Shimo lenyewe ndilo uzuri wake. Ule utupu. Tumekiita Mazungumzo."

"Kilikuwa na jina kabla hujakiita."

"Dada, kikipasuka nitasema nini mimi?"

"Utasema kimepasuka kikifanya kazi. Wewe ungependa upasukie wapi?"

Mlinzi alikuwa amegeuka anautazama ukuta, mabega yanatikisika. Msimamizi akafuta jasho. Alikuwa ananionea huruma lakini alikuwa hashuki, nami nilianza kuona mlango wa mama yangu ukirudi nyuma, ukirudi nyuma, mpaka ng'ambo ya barabara. Nilimgeukia mume wangu anisaidie. Hakuwa nasi. Alikuwa ameinama mbele ya kinguzo anasoma kadi.

Kadi ilikuwa kwa Kiingereza, ilisema hivi: Mazungumzo. Udongo. Nyanza. Fundi hajulikani. Kilitumika katika desturi ya kale ya mapacha, ambayo sasa imetoweka.

Mume wangu alinyooka taratibu. Nimeishi naye, naijua sura ile. Ndiyo anayokuwa nayo akikuta fomu imejazwa vibaya.

"Nani ameandika hii?" akauliza.

"Mimi," alisema msimamizi. "Kwa maelezo tuliyopewa."

"Taarifa si sahihi." Akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati. "Mosi, si Nyanza. Sisi sasa ni Mkoa wa Magharibi, mimi mwenyewe nilipanga majalada. Pili, fundi hajulikani na nani? Anajulikana. Tatu." Akagonga neno la mwisho kwa kalamu. "Imetoweka. Imetoweka lini? Kuna barua?"

"Ni namna ya kusema, bwana. Siku hizi watu..."

"Watu gani? Mapacha ndio hao, wanasalimiana na mbuzi wako. Mama yao huyu. Mimi baba yao. Nani ametoweka hapa?"

Nilimkodolea macho. Mume wangu ambaye alikizika chungu kwa mdomo wake! Nadhani naye alijisikia, maana sauti ilishuka.

"Aliyekitoa ni mimi," alimwambia yule kijana. "Sikumwambia yule Mzungu kitu chochote. Nilitaka tu kiondoke. Kwa hiyo makosa ya kadi ni yangu. Niruhusu niyasahihishe." Kisha akanigeukia mimi. "Ni uji tu, sivyo? Hakuna kitu kingine ndani?"

"Uji," nikasema. "Au na uji nao uliuacha ulipookoka?"

Msimamizi alitazama chungu, akatazama kalamu, akatazama watoto. Akamwambia mlinzi, "Funga mlango wa mbele kidogo."

Uji niliupikia nyuma ya jumba, kwenye jiko la makaa ambalo mlinzi alikuwa anachemshia kahawa yake. Niliuacha upoe, chungu kisishtuke. Msimamizi alikibeba chini mwenyewe kwa mikono miwili, kama anapokea mtoto, akakiweka kwenye mkeka. Nilipomimina, udongo ulitoa harufu. Ile harufu ya udongo wa Bukura ukinyeshewa, katikati ya harufu ya chumvi. Mume wangu aliisikia pia, nilimwona puani. Hakikupasuka. Mama mkwe wangu hafinyangi vyungu vya kupasuka.

Tukakaa, yeye kwenye mdomo mrefu, mimi kwenye mfupi. Tukatumbukiza mirija. Hapo nikamzuia.

"Ngoja. Hakuna wa kuimba."

Kweli hakukuwa na mtu. Nyumbani wangekuwa wanawake arobaini. Basi nikaanza mwenyewe, na mrija mkononi. Nikaimba juu ya magoti ya mume wangu, juu ya baiskeli yake, juu ya vitu vingine ambavyo mhubiri wake hatavisoma hapa. Niliimba kwa Kiluhya, lakini mlinzi hakuhitaji tafsiri. Akapiga makofi akaingia.

"Ewe mume wewe! Kukaa umejikunja hivyo, waogopa uji? Mke akushinda pumzi!"

"Mwambie, babu!" nikasema.

"Mwili mkubwa, mdomo wa kuku!"

"Na goti!" nikasema. "Goti la uongo!"

"Goti lilikuwa la kweli!" mume wangu alifoka, na alipofungua mdomo kucheka, nikamwambia sasa, sasa hivi, tukainama wote wawili, tukavuta.

Uji ulikuwa na mabonge. Mirija mirefu ile ilitaka mashavu ya mpiga tarumbeta. Macho yetu yalikutana juu ya chungu, mashavu yake yamebonyea ndani kama ya mzee, nami najua yangu yalikuwa hivyo hivyo, na nilicheka na uji puani, ukaniingia kichwani, nikakohoa mpaka machozi. Watoto wangu walikuja mbio wakaning'inia kwenye mirija wakitaka na wao. Msimamizi alikuwa amechuchumaa pembeni, ameshika kichwa kwa mkono mmoja, wa pili unachora kwa haraka kwenye karatasi. Mwanamke wa saruji tulimwona kupitia mlangoni, amesimama na miguu yake. Kama angekuwa na mdomo, ningemkaribisha.

Tulikisafisha chungu, tukakirudisha juu. Mlinzi aliomba makombo ya uji, akasema hauna sukari ya kutosha. Msimamizi aliomba tumwachie mirija. Nikamwambia mirija ni ya mama mkwe, akitaka aje Bukura amwombe. Mume wangu ndiye alikaa kwenye dawati, akaandika kadi mpya kwa ule mwandiko wake wa ofisini, hana haraka, na mara hii hakunificha. Aliandika mkoa. Aliandika jina la mama yake lote, na la baba wa huyo mama. Siliandiki hapa, mama mkwe hataki mambo ya vitabu, lakini liko kule. Halafu akaandika: Mfinyanzi yu hai. Ni mama yangu.

Alipomaliza alikausha wino kwa kupuliza. Nami, kwa mara ya kwanza tangu sukari, nilimpangusia uji shavuni.

Wiki iliyofuata tulishuka Malava. Mume wangu alibaki nyuma kidogo amevua kofia, maana mkwe ni mkwe. Mama yangu alikuwa amesimama upande wake wa barabara na panga, muwa umeshamenywa. Nilinyanyua mirija juu ya kichwa, yote miwili, aione. Akaiona. Hakunyoosha kiganja.

Nikavuka na watoto.

Nilidhani angenikumbatia mimi kwanza, lakini alinipita kama mti. Alikwenda moja kwa moja kwa watoto, akapiga magoti kwenye vumbi mbele yao, vipande vya muwa mkononi. Na wale watoto wangu, badala ya kumpa mkono walivyowapa vyuma vyote vya Mombasa, walirudi nyuma hatua tatu, wakatanua viganja vyao, wakangoja arushe.